UZI: Gredi ya 6 na KPSEA, kutayarisha darasa bila kukimbizana na makaratasi ya kununua

#1 Chaki_Eastlands

Walimu wenzangu na wazazi, muhula wa tatu ni mfupi na KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, huja mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba. Ukitoa siku za kufungua na za kupanga madawati, darasa linabaki na wiki saba hivi za kazi. Tuzungumzie zinavyotumika, somo kwa somo. Anayefundisha somo fulani aseme la kwake.

Kwanza tuelewane kuhusu uzito wa mtihani wenyewe, maana wazazi wengi bado wanaupima kwa jicho la KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane uliofanywa mara ya mwisho 2023. KPSEA, iliyoanza 2022, inachangia asilimia 40 ya tathmini ya mwisho wa shule ya msingi. Zile 60 ni za SBA, yaani tathmini ya shuleni: 20 ya Gredi ya 4, 20 ya Gredi ya 5, 20 ya Gredi ya 6. Hakuna anayenyimwa Gredi ya 7 kwa sababu ya matokeo. Lakini usiipuuze pia: KPSEA hiyohiyo inabeba asilimia 20 ya KJSEA mtoto akifika Gredi ya 9, pamoja na 20 za SBA ya Gredi ya 7 na 8, na 60 za mtihani wenyewe.

Karatasi ni tano: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili (viziwi hufanya Lugha ya Ishara ya Kenya), Sayansi Jumuishi, halafu Sanaa Bunifu pamoja na Masomo ya Jamii. Maswali ni ya kuchagua jibu.

Na hapa ndipo tunapopoteza wakati. Mwalimu anasahihisha, anasoma alama, anatoa karatasi nyingine. Alama 14 kwa 30 haikuambii ufundishe nini kesho. Kinachokuambia ni *jibu gani baya lilichaguliwa na wangapi*. Chukua karatasi ya mraba, maswali yaende chini, A B C D juu, uhesabu mikono au karatasi. Tuseme darasa lina watoto 52 na swali ni 2/3 + 1/4:

A. 3/7: watoto 29
B. 11/12: watoto 15
C. 3/12: watoto 5
D. 2/12: watoto 3

Hao 29 hawabahatishi. Wana kanuni yao, ya kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na wanaiamini. Ukiwapa maswali mengine 20 ya sehemu wataizoea zaidi hiyo kanuni mbovu. Lakini kama majibu yangetawanyika, 13 hapa, 14 pale, basi mada haijaingia kabisa na inafundishwa upya kuanzia mwanzo. Hali ya kwanza inataka kuvunja imani, ya pili inataka kufundisha. Dawa haziingiliani.

Jambo la mwisho kabla sijawapisha: swali lenye machaguo manne humpa anayekisia tu robo ya alama bure. Katika maswali 20, matano ni ya bahati. Kwa hiyo mtoto wa 6 kwa 20 msimwite "anajua kidogo". Huyo huenda hajaanza.

#2 MamaWawili_Kariobangi

Asante sana Mwalimu. Mimi ni mzazi tu. Swali langu: shule inatuomba pesa za karatasi za majaribio kila Ijumaa, na kuna tuisheni ya likizo pia. Zinasaidia ama tunatupa pesa?

#3 Chaki_Eastlands

Mama, tuisheni ya likizo imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37. Hilo halina mjadala.

Karatasi za kununua zina faida moja, nayo ni kumzoesha mtoto kukaa kimya na kufuata muda. Kwa hilo moja kila wiki mbili inatosha. Kila wiki ni nyingi kwa sababu ukifanya Ijumaa, usahihishe Jumatatu, uchambue Jumanne, ufundishe upya makosa mawili makubwa Jumatano na Alhamisi, Ijumaa imefika tena na somo la Gredi ya 6 lenyewe halijasonga. Kinachotokea kwa kweli ni kwamba uchambuzi unarukwa. Muulize mwalimu wa darasa swali moja kwa upole: "Karatasi ya wiki jana mlirudia maswali gani?" Jibu lake litakuambia kama pesa inafanya kazi.

Mbili za haraka. Karatasi nyingi za kuuzwa zina majibu yasiyo sahihi kwenye ufunguo wake, kwa hivyo mwalimu aifanye mwenyewe kwanza. Na msiwapigie chapa kwenye saiba karatasi za zamani za KCPE mkidhani ni maandalizi. Ule ulikuwa mtihani wa darasa la nane kwenye mtaala mwingine. Mtoto wa Gredi ya 6 atakutana na mada ambazo hajawahi kuziona, aondoke akidhani ni mjinga.

Na vikundi vya WhatsApp na Telegram vinavyouza "karatasi yenyewe" Oktoba ikifika: ni utapeli, na ukiwa na karatasi halisi mkononi umevunja Sheria ya KNEC (baraza la mitihani ya taifa) ya 2012. Vyovyote vile umepoteza.

#4 Hesabu_Donholm

Nashukuru kwa kuanza na zile sehemu, Mwalimu Chaki. Niendelee hapo. Dawa ya 3/7 si kumwambia mtoto "tafuta KDS" (kigawe kidogo cha shirika) mara ya kumi. Mwulize: 2/3 ni zaidi ya nusu au chini ya nusu? Atasema zaidi. Na 3/7? Chini ya nusu. Umeongeza kitu kikapungua? Akishaona upuuzi huo kwa macho yake ndipo KDS inapata kazi ya kufanya.

Makosa mengine ambayo kwenye Gredi ya 6 yanarudi bila kukosa:

Kugawanya penye sufuri katikati ya jibu. 4,836 ÷ 12. Jibu ni 403, nusu ya darasa wataandika 43. Wanagawanya 48 wanapata 4, wanashusha 3, 12 haiingii kwenye 3, wanashusha 6 papo hapo na kusahau kuandika sufuri. Mambo mawili yanaponya. Daftari la miraba, kila tarakimu kwenye chumba chake, na kila tarakimu inayoshushwa *lazima* iwe na tarakimu juu yake. Na kukadiria kabla ya kugusa kalamu: 4,800 kwa 12 ni 400, basi 43 haiwezi kuwa. Kukadiria peke yake huua machaguo mawili kati ya manne kwenye maswali mengi, lakini kunafundishwa kama mada ya wiki moja halafu kunaachwa.

Desimali. "0.45 ni kubwa kuliko 0.6 kwa sababu 45 ni kubwa kuliko 6." Chora mraba wa 10 kwa 10 mara mbili. Mmoja atie rangi vyumba 45, mwingine 60. Usimwambie aongeze sufuri mpaka aone kwa nini.

Eneo la pembetatu. Kitako sm 14, kimo sm 9, upande wa mshazari sm 11. Angalia machaguo yanavyotengenezwa: 126, 63, 77, 34. Jibu ni 63. Mwenye 126 amesahau nusu. Mwenye 77 ametumia mshazari badala ya kimo. Mwenye 34 amejumlisha kila namba aliyoiona. Hivyo ndivyo vipotoshi vinavyotungwa, kila kimoja ni njia ya mtoto fulani aliyepotea. Mwalimu akitunga maswali yake bila kufikiria hivyo, akaweka 63, 500, 2 na 1,000, anapima kusoma tu. Zoezi zuri kuliko kufanya maswali kumi: wape jibu sahihi, waambie kila kikundi kieleze mtu alifanyaje mpaka akapata yale mengine matatu.

Saa. Basi linaondoka Nairobi saa 2145 na kufika Kisumu saa 0510 siku ya pili. Limetumia muda gani? Mtoto anachukua 2145 anatoa 0510, anapata 1635, anaandika saa 16 na dakika 35. Wanasahau usiku wa manane. Mchoreni mstari: 2145 hadi 2400 ni saa 2 na dakika 15, ongeza saa 5 na dakika 10, jumla saa 7 na dakika 25. Kuna kosa la pili juu yake hapa kwetu: mtoto anabadilisha kwanza kwenda saa za Kiswahili kichwani (saa nne kasorobo usiku, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri), anapoteza sita njiani, halafu anatoa. Mwambieni asibadilishe chochote mpaka amalize hesabu. Na kwenye karatasi ya Kiswahili aende kinyume: pale saa ya karatasi ni ile ya mdomoni.

Pesa, hasa faida na hasara zenye hatua tatu. Mfano: mfanyabiashara alinunua trei 3 za mayai, kila trei mayai 30, kwa sh. 390 kila trei. Mayai 4 yakavunjika. Yaliyobaki akauza sh. 15 kila moja. Faida ni ngapi? Fundisheni kupigia mstari kila namba na kuandika pembeni yake ni ya nini. Namba isiyopigwa mstari ndiyo mtego.

#5 BabaTasha_Umoja

Mwalimu hapo nimepata 180. 390 mara 3 ni 1,170. 90 mara 15 ni 1,350. Toa, 180. Ama?

#6 Hesabu_Donholm

Baba Tasha, na mayai manne yaliyovunjika uliyauza? 😄 Ni 86 mara 15, yaani 1,290. Toa 1,170, faida ni sh. 120. Na hakikisha, 180 ingekuwa mojawapo ya machaguo, imekaa pale ikikungoja.

#7 NgeliTu

Kiswahili sasa. Hapa Nairobi tatizo kubwa ni upatanisho wa sarufi, na chanzo chake kinajulikana: mtoto anasikia "hizi viatu zangu" kutwa nzima, kwenye matatu, uwanjani, hata kwa sisi walimu tukiwa ofisini. Huwezi kumtoa huko kwa kumpa jedwali la ngeli akariri. Analikariri vizuri sana, kisha swali linapokuja anachagua kinachosikika vizuri sikioni. Na kwake kinachosikika vizuri ni kile kibaya.

Kwa hiyo tibu sikio. Dakika tano kila asubuhi kabla ya somo la kwanza, kwa mdomo, bila daftari. Mwalimu anataja nomino, darasa linajibu mnyororo wa vitu vitatu, umoja kisha wingi:

kiatu: hiki, changu, kimepasuka, viatu: hivi, vyangu, vimepasuka
gari: hili, langu, limeharibika, magari: haya, yangu, yameharibika
ukuta: huu, wangu, umebomoka, kuta: hizi, zangu, zimebomoka

Nomino tano kwa siku. Usichanganye ngeli nyingi siku moja. Mbili zinazokaribiana zinatosha, kama U-I na U-ZI, ndizo zinazochanganya. Wiki ya tatu mtaanza kusikia watoto wakisahihishana wenyewe kwenye foleni ya uji.

Vipo vikundi vinne vya nomino vya kuvitazama kwa karibu:

Zile zenye maana mbili na ngeli mbili. Ua hili limenyauka, maua haya yamenyauka. Lakini ua huu umebomoka, nyua hizi zimebomoka. Mtunga mtihani anapenda sana nomino kama hizi kwa sababu jibu limejificha kwenye kitenzi.

Viumbe vyenye umbo la KI-VI. Kiboko huyu ni mkubwa (mnyama), kiboko hiki ni kirefu (cha kuchapia). Kifaru, kipepeo, chura: A-WA zote.

U-YA: ugonjwa, magonjwa, uovu, maovu. Watoto huandika "ugonjwa hizi".

Na zisizobadilika wingi, kama unga, wali. Wakikuta "wingi wa unga huu umemwagika" wanatafuta jibu lenye "hizi" kwa nguvu.

Kujaza mapengo: makosa mengi si ya msamiati, ni ya kutosoma mbele. Mtoto anasoma hadi pengo anasimama anachagua. "Mvua ilinyesha usiku kucha, ___ barabara ya mtaani ilijaa maji." Machaguo: ingawa, hivyo, ili, bali. Aliyesimama kwenye pengo ataona zote zinaingia. Kinachoamua kiko *baada* ya pengo. Sheria ya darasa iwe moja: kifungu chote kisomwe hadi nukta ya mwisho kabla penseli haijagusa karatasi.

Kwenye ufahamu, kila jibu lipewe mstari wake. Mtoto akisema jibu ni B, mwulize "mstari gani?" Akikosa kuuonyesha, amejibu kwa akili yake mwenyewe badala ya kifungu, hata kama amepata. Mwenye kupata kwa namna hiyo leo atakosa kesho.

Insha na kusoma kwa sauti haviko kwenye maswali ya kuchagua, vinapimwa kwenye SBA. Tafadhali msiviache eti kwa sababu Oktoba haviulizwi.

#8 Chaki_Eastlands

NgeliTu, moja tu: kwenye ufahamu watoto wangesoma maswali kwanza halafu kifungu. Wanajua wanatafuta nini na muda unapona.

#9 NgeliTu

Sikubaliani, Mwalimu, angalau si kwa wote. Anayesoma polepole akianza na maswali anasoma pia machaguo yote manne ya kila swali. Maswali matano, machaguo 20, na 15 kati yake ni uongo. Anaingia kwenye kifungu akiwa amebeba uongo 15 kichwani. Ndiyo maana unakuta mtoto anaapa kwamba "kifungu kilisema" jambo ambalo halimo kabisa.

Wasomaji wepesi, sawa. Kwa wengine, wasome *shina* la swali tu, machaguo yafunikwe na rula. Kisha kifungu. Kisha machaguo.

#10 Chaki_Eastlands

Rula juu ya machaguo, hiyo nimeikubali.

#11 Maabara_ya_Gunia

Sayansi Jumuishi na ile karatasi ya Sanaa na Jamii ndizo zinazoangusha shule za mjini, na si kwa sababu watoto hawasomi. Wanasoma picha. Swali linauliza kilichotokea kwenye jaribio, na mtoto ambaye hajawahi kumwaga maji kwenye udongo anakumbuka mchoro wa kitabu, basi. Wiki saba zinatosha kufanya majaribio sita saba ya maana kwa vitu vya bure.

La udongo nilieleze lote kwa sababu ndilo linaloharibika zaidi. Chupa tatu za maji za nusu lita. Kata kila moja theluthi ya juu, geuza kichwa chini kiwe kama faneli ndani ya kipande cha chini. Mdomoni weka pamba, ukubwa sawa kwa zote tatu. Tia bilauri moja ya udongo kwenye kila faneli: mchanga wa ujenzi, tifutifu (chini ya mti wowote wa shule), na mfinyanzi. Mwaga bilauri moja ya maji kwenye kila moja, kwa pamoja, watoto watatu wakihesabu "moja, mbili, tatu". Baada ya dakika tano pima kwa rula maji yaliyoshuka. Mchanga utoe mengi, tifutifu wastani, mfinyanzi kidogo kabisa.

Kinachoharibika: huku Embakasi na pande zake mfinyanzi wetu ni ule mweusi unaopasuka ukikauka. Ukiutia mabonge makavu, maji yanapita kwenye nyufa mbio na mfinyanzi "unashinda" mchanga. Darasa zima linaondoka na jibu la kinyume. Usage huo udongo uwe unga, uulowanishe kidogo siku moja kabla ili uvimbe na nyufa zifunge. Kosa jingine ni kushindilia faneli moja kwa kidole na nyingine kuacha. Na pamba nyingi mno: hapo unapima pamba.

Kisha waulize maswali ya mtihani wakiwa bado wanaangalia chupa: kwa nini bilauri zilikuwa sawa? Tungepata nini tukibadilisha kiasi cha maji kwenye moja tu? Mpunga ungependa udongo upi, na kwa nini?

Filimbi ya rekoda: watoto wengi wanajua B, A, G kwa picha tu. Mkono wa kushoto ukae juu. B ni gumba nyuma na kidole cha shahada. A unaongeza kidole cha kati. G unaongeza cha pete. Mwenye rekoda mkononi hakosi. Anayesoma picha anageuza kulia na kushoto kwa sababu mchoro unamwangalia yeye. Rekoda kumi kwa darasa zinatosha kwa zamu, ila osheni midomo ya filimbi kwa maji ya sabuni kati ya mtoto na mtoto.

Masomo ya Jamii: ramani tupu ya Afrika Mashariki, kila Jumatatu, dakika nane, bila kitabu. Wiki ya kwanza nchi na mipaka, ya pili mito na maziwa, ya tatu mistari ya latitudo na longitudo. Wakiulizwa Ikweta inapita wapi, wengi wanaongeza Ethiopia. Kwa nchi za kwetu huku ni Uganda, Kenya na Somalia. Akiichora mwenyewe mara tatu haisahau.

#12 Penseli_HB

Hakuna aliyegusa karatasi ya majibu. Hili ni jambo dogo linalokula alama za watoto wanaojua.

Penseli iwe HB. Ya H na 2H ni hafifu mno, ya 4B na kuendelea inapaka na kuchafua karatasi. Mbili zilizochongwa, raba laini safi, rula. Kistari kiwe cheusi, ndani ya kisanduku, kisitoke nje. Akibadilisha jibu afute mpaka kisanduku kiwe cheupe kabisa. Kistari kilichofutwa nusu pamoja na kipya ni majibu mawili, na majibu mawili ni sifuri. Karatasi isikunjwe, isilowe jasho. Mwenye mikono inayotoa jasho aweke leso chini ya mkono.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuteleza mstari. Mtoto anaruka swali la 14 kwa sababu ni gumu, anaenda la 15, anatia jibu lake kwenye nafasi ya 14. Kuanzia hapo kila jibu limekaa nyumba ya jirani. Sheria mbili: ukiruka swali, weka duara kwenye namba yake kwenye *kijitabu cha maswali*, kamwe si kwenye karatasi ya majibu, na kila swali la tano simama, gusa namba ya swali kwa kidole cha kushoto na namba ya jibu kwa penseli, ziwe sawa. Inachukua sekunde mbili.

Mazoezi yake hayahitaji karatasi mpya kila siku. Piga chapa moja kwa kila mtoto, itie kwenye mfuko wa plastiki angavu, atumie kalamu ya kufutika. Lakini wiki mbili za mwisho lazima iwe karatasi kwa penseli, maana kuchora juu ya plastiki hakumfundishi kufuta.

Muda: usiwaambie "fanyeni haraka". Chukua dakika zilizoandikwa kwenye jalada, toa dakika kumi za kukagua, gawanya zinazobaki kwa idadi ya maswali, andika ubaoni: swali la 10 liwe limekwisha saa ngapi, la 20 saa ngapi. Watoto wa Gredi ya 6 hawana hisia ya dakika, wana hisia ya saa ya ukutani.

#13 MamaWawili_Kariobangi

Walimu, Mungu awabariki. Maswali mawili ya mwisho. Mpwa wangu amehamia hapa Gredi ya 6 akitoka kaunti nyingine, alama zake za SBA za zamani zinahesabiwa vipi? Na kifungua mimba wangu haoni vizuri ubaoni, kuna msaada wowote siku ya mtihani?

#14 Chaki_Eastlands

Mama, mpwa ana namba ya tathmini ya KNEC. Haibadiliki akihama. Alama za Gredi ya 4 na 5 ziliingizwa kwenye mfumo chini ya namba hiyo, zinamfuata. Kazi yenu ni kuhakikisha shule mpya haikumsajili upya kwa namba nyingine, maana hapo anakuwa watu wawili, mmoja ana SBA, mwingine hana. Nendeni ofisini na cheti cha kuzaliwa, mwombe kuona jina lake kwenye orodha ya watahiniwa, herufi kwa herufi. Mfuatano wa majina na tahajia vilingane na cheti. Marekebisho yana tarehe yake ya mwisho, msisubiri Oktoba. Ombeni pia shule aliyotoka nakala ya alama alizopewa na jalada la kazi zake, endapo kutakuwa na pengo.

Kuhusu macho: kuna karatasi za maandishi makubwa, za Breli, na muda wa ziada, lakini shule lazima iwe imemwombea mapema wakati wa usajili. Siku ya mtihani hakuna mtu atakayekuletea. Mpeleke apimwe macho wiki hii, upate barua. Mara nyingi inatosha miwani tu, na hapo utagundua "udhaifu wake wa hesabu" ulikuwa ubao. Wenye watoto wanaofuata mtaala wa hatua, wale wa mahitaji maalum, wana tathmini yao, KILEA, muulize shuleni.

#15 BabaTasha_Umoja

Na wiki ya mwisho kabisa? Tuwakazie ama tuwaachie?

#16 Hesabu_Donholm

Hakuna mada mpya. Kila mtoto achukue orodha ya makosa yake mwenyewe. Tangu Septemba awe anaandika herufi moja mbele ya kila swali alilokosa: M kama hakuelewa mada, T kama aliteleza kwenye hesabu, S kama hakusoma swali vizuri, B kama alibahatisha. Wiki ya mwisho anarudia zile T na S tu. Ndizo zinazoponyeka kwa siku tano. M haziponi wiki hiyo, zinaongeza hofu tu, ziachie Gredi ya 7.

#17 Penseli_HB

Niongeze: ni msimu wa mvua za vuli. Ikinyesha usiku, asubuhi matatu hazisongi na njia za Mukuru na Mathare zinajaa maji. Aliye mbali atoke nyumbani saa moja nzima kabla ya kawaida yake, na penseli ziwe ndani ya mfuko wa plastiki. Penseli iliyolowa mbao zake huvimba na inakatika kila ukiichonga.

#18 BabaTasha_Umoja

Sawa walimu. Kuhusu lile jedwali la A B C D la Mwalimu Chaki, mzazi anaweza kulifanya nyumbani kwa mtoto mmoja?

#19 Chaki_Eastlands

Anaweza, ila kwa mtoto mmoja unahesabu siku badala ya watu. Karatasi tatu alizokwisha fanya, tafuta maswali yote ya sehemu, angalia jibu baya ni la aina ileile kila mara au hubadilika. Likiwa lileile, mwambie akuonyeshe hatua kwa hatua alivyolipata. Usimsahihishe mpaka amalize. Kosa liko kwenye hatua moja, na utaliona kabla hajafika mwisho.